Je, Mozart humzidishia mtoto mchanga akili?

Mzazi mtarajiwa wa Mombasa husikia rai mbili kuhusu muziki. Baadhi ya wazee humwambia kwamba taarabu na ngoma zitampotosha mwana. Wenzake wa rika humwambia amwekee kwenye simu muziki wa Mozart, mtunzi wa Austria wa karne ya 18, mtoto akue mwerevu. Rai hii ya pili huvishwa joho la sayansi, kwa hiyo asili yake yafaa ijulikane.

Mwaka 1993, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, waliwapigia wanafunzi 36 sonata, yaani kipande cha muziki wa ala, ya Mozart kwa dakika 10, kisha wakawapa mafumbo ya maumbo. Matokeo yao yalipanda, lakini faida hiyo ikaisha baada ya robo saa hivi. Wote walikuwa watu wazima. Hakupimwa mtoto mchanga hata mmoja. Hata hivyo, mwaka 1998 Zell Miller, gavana wa Georgia, Marekani, aliomba fedha za kumpa kila mtoto anayezaliwa jimboni rekodi za muziki wa aina hiyo. Wengine waliporudia jaribio, hadithi ya kusisimua ilifanya kazi ile ile kwa waliopenda hadithi. Kilichosaidia kilikuwa uchangamfu wa msikilizaji.

Mimi navutiwa zaidi na yanayotokea mtoto anaporushwarushwa mikononi. Mwaka 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, waliwabeba watoto wa miezi 14 wakitazamana na mtu mzima aliyekuwa akinesanesa kwa wimbo. Wengine walineshwa sambamba naye, wengine kwa mwendo usiolingana na wake. Baadaye mtu huyo alijifanya kuangusha vitu, na wale waliokuwa wakineshwa sambamba naye walimwokotea zaidi.

Kwa nini? Tazama watu wanaolivuta jahazi ufukoni kwa wimbo. Mapigo humjulisha kila mmoja mvuto ujao utaanza lini, naye hukaza misuli kabla haujafika. Anayechelewa huhisiwa mara moja na kamba nzima. Anayekwenda nao huwa mwenzao, hata kama hawamjui jina. Inaelekea mtoto naye hukisia pigo lijalo, na mtu anayelitimiza pamoja naye humwona kuwa wa upande wake.

Jaribio lilipima msaada wa papo hapo tu, si tabia ya miaka. Na kwa nyumba zisizopiga ala: watafiti walirudia bila muziki, na kunesa sambamba bado kulizidisha msaada, ila watoto walilialia zaidi.