Je, wajua jinsi mhakiki wa gazeti alivyogeuka kuwa bingwa wa filamu za kutisha?

Dario Argento, aliyezaliwa Roma mwaka 1940, anafahamika duniani kama mwongozaji wa filamu za kutisha, lakini kazi iliyomwingiza katika sinema ilikuwa ya kalamu. Akiwa kijana ambaye hakupitia chuo kikuu, aliandikia uhakiki wa filamu gazeti la Paese Sera la mjini humo, na riziki yake ikategemea kuketi gizani, kutazama kazi za wengine na kuwaeleza wasomaji alichokiona. Wengi hudhani kwamba mhakiki na mtengenezaji wa filamu ni mahasimu. Kwa Argento, naamini kazi ya pili ilizaliwa na ile ya kwanza.

Ni kweli kwamba hakuanzia mbali. Baba yake, Salvatore, alikuwa mtayarishaji wa filamu, na ndiye aliyeitayarisha filamu ya kwanza ya mwanawe. Tena kabla ya hapo Argento alikwisha kushirikiana na waongozaji wa Kiitaliano Sergio Leone na Bernardo Bertolucci kutunga kisa cha C'era una volta il West, filamu ya makauboi iliyotoka mwaka 1968. Hata hivyo, kuzaliwa na mtayarishaji hakutoshi kueleza kwa nini filamu zake hutisha.

Mhakiki hawezi kuridhika na kutazama mara moja. Hana budi kulirudia onyesho akilini na kujiuliza kama kweli aliona kile alichodhani amekiona, na swali hilo ndilo Argento alilolifanya kuwa chimbuko la hofu. Katika L'uccello dalle piume di cristallo ya mwaka 1970, mwandishi Mmarekani aliyeko Roma anashuhudia mwanamke akipambana na mtu mwenye mavazi meusi ndani ya jumba la sanaa, huku yeye amenaswa katikati ya milango miwili ya vioo, asiweze kusaidia wala kuondoka. Tangu hapo anasumbuliwa na hisia kwamba kuna kitu katika tukio lile hakikukaa sawa, na sehemu kubwa ya filamu ni juhudi yake ya kukikumbuka.

Katika Profondo rosso ya mwaka 1975 alikwenda mbali zaidi. Mwanamuziki anapita haraka kwenye korido iliyojaa michoro, mara tu baada ya mauaji, na baadaye anashikilia kwamba mchoro mmoja umeondolewa. Kumbe alichokiona hakikuwa mchoro, bali uso wa muuaji ndani ya kioo. Naitaja siri hii kwa makusudi, kwa sababu sijui hila nyingine ya sinema iliyo ya haki kuliko hiyo: kamera ilituonyesha uso huo sisi pia, na anayeirudia filamu ataukuta palepale ulipokuwa.

Televisheni nayo ilimpa nafasi ya kuongea na watazamaji ana kwa ana. Mwaka 1973 shirika la utangazaji la Italia, RAI, lilirusha La porta sul buio, mfululizo wa visa vinne alivyovitayarisha, naye akawa anajitokeza mwenyewe mbele ya kamera kuvitambulisha. Waitalia wakaanza kumjua kwa sura, si kwa jina pekee.

Ndani ya filamu zake, ilionekana mikono yake: mara nyingi ile mikono ya muuaji iliyovikwa glavu nyeusi ni ya Argento mwenyewe. Na katika Opera ya mwaka 1987, muuaji anamfunga mwimbaji kijana na kumbandika sindano chini ya macho, ili kila akijaribu kuyafumba zimchome, naye alazimike kutazama hadi mwisho.