Je, wajua ni nani huulizwa 911, namba ya dharura ya Marekani, inaponyamaza?

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Aprili 2014, mwanamke mmoja katika jimbo la Washington, magharibi kabisa mwa Marekani, alipiga 911 mara 37. Kuna mtu alikuwa anavunja aingie ndani kwake. Mara zote 37 hakupata msaada. Mwishowe akashika kisu cha jikoni, na yule jamaa akatokomea.

Hakukuwa na dhoruba usiku ule, wala tetemeko, wala waya uliokatwa. Wapokea simu wa Washington walikuwa kazini kama kawaida. Tatizo lilikuwa Englewood, Colorado, zaidi ya kilomita 1,600 kutoka hapo. Huko kulikuwa na mtambo wa kampuni iitwayo Intrado, ambao kazi yake ni kuipokea simu ya 911 na kuamua iende kituo gani. Kabla ya kuipeleka, mtambo huipa kila simu namba yake, kama ile karatasi unayopewa benki ili usubiri zamu. Sasa, aliyeandika programu alikuwa ameiwekea kaunta kikomo. Simu zilipofika kama milioni 40 hivi, kaunta ikagota. Namba zikaisha, na simu isiyo na namba haikwenda popote.

Tahadhari ilitolewa, ndiyo. Ila mfumo uliipanga kwenye fungu la mambo madogo madogo, na hakuna aliyeishughulikia kwa haraka. Hadi simu zilipohamishiwa mtambo wa akiba ulioko Miami, yalikuwa yamepita saa karibu sita. Majimbo saba yaliguswa, vituo 81 vya kupokea simu, na watu zaidi ya milioni 11. Washington iliguswa jimbo zima. Simu zaidi ya 6,600 za watu wenye shida zilipotea.

Palipokucha likaja swali: nani ajibu? Anayepokea simu ya 911 ni mfanyakazi wa mji au wa kaunti. Mtambo ulioharibika ni wa kampuni binafsi, tena uko jimbo jingine. CenturyLink, kampuni ya simu iliyokuwa na mkataba wa kuendesha 911 ya Washington, ilikuwa imeikodi Intrado. Masafa ya simu za mkononi yako chini ya serikali ya shirikisho. Katikati ya hao wote amekaa mmoja ambaye wengi hawamfikirii: serikali ya jimbo.

Kwa msomaji wa Tanzania au Kenya hili linaweza kuonekana geni. Kwetu mambo ya mawasiliano yana mdhibiti mmoja wa nchi nzima, TCRA upande huu na Mamlaka ya Mawasiliano upande ule, na kama 112 ina kasoro, unajua mlango wa kubisha. Marekani iliundwa kwa namna nyingine. Katiba yao iliyaachia majimbo kazi ya kulinda usalama wa watu wake. Kisha sheria ya mawasiliano ya mwaka 1934 ikagawa simu mafungu mawili: inayovuka mpaka wa jimbo ni ya Tume ya Mawasiliano ya Shirikisho, FCC, na inayoanzia na kuishia ndani ya jimbo ni ya jimbo lenyewe. Sasa fikiria simu ya 911. Mtu anaungua Seattle, anawaita wazima moto wa Seattle. Kuna simu ya ndani kuliko hiyo?

Tena mkono wa jimbo ulikuwepo tangu siku ya kwanza, na ulikuwa mkono wa mtu ambaye historia haimkumbuki kwa wema. Simu ya kwanza ya 911 ilipigwa tarehe 16 Februari 1968 katika mji mdogo wa Haleyville, Alabama. Kampuni kubwa ya AT&T ilikuwa imetangaza mwezi uliotangulia kwamba 911 ndiyo itakuwa namba ya dharura ya nchi, na kampuni ndogo ya simu ya Alabama, iliyoudhika kwa kutoshirikishwa, ikaamua kuiwahi. Spika wa baraza la wawakilishi la jimbo, Rankin Fite, alipiga akiwa ofisini kwa meya. Upande wa pili, kituo cha polisi, ilipokelewa kwa simu nyekundu na mbunge Tom Bevill. Pembeni ya Bevill alisimama mkuu wa tume ya jimbo inayosimamia kampuni za huduma: Eugene "Bull" Connor. Ndiye yule yule ambaye miaka mitano nyuma, akiwa na mamlaka juu ya polisi na zimamoto wa Birmingham, aliamuru waandamanaji weusi wapigwe maji ya mabomba na kuachiliwa mbwa. Mtu huyo ndiye aliyekuwa mwakilishi wa udhibiti wa jimbo siku 911 ilipozaliwa. Sina la kuongeza hapo.

Turudi Washington. Pale jimbo linavaa kofia tatu kwa wakati mmoja, na ukizitenganisha ndipo mambo yanaeleweka.

Kofia ya kwanza ni ya mnunuzi. Mtandao wa 911 unaounganisha vituo vya jimbo zima haukukodiwa na mji wa Seattle wala wa Spokane. Mwenye mkataba ni idara ya kijeshi ya jimbo, ambayo ndani yake ndimo ilimo idara ya maafa. Ni sawa na wapangaji wa jengo moja kumpa mwenye nyumba kazi ya kutafuta mlinzi. Kaunti ndogo yenye wapokea simu wawili zamu ya usiku haina ubavu wa kubishana na kampuni ya simu mezani. Jimbo linao.

Kofia ya pili ni ya refa. Hii huvaliwa na ofisi nyingine kabisa, Tume ya Huduma na Uchukuzi ya Washington, yenye mamlaka ya kuchunguza na kupiga faini. Baada ya usiku ule tume hiyo iliichunguza CenturyLink na kuitoza zaidi ya dola milioni 2.8. FCC nayo ilikuja na fimbo yake mwaka 2015, ikaitaka CenturyLink ilipe dola milioni 16 na Intrado milioni 1.4. Kwa hiyo kampuni ilichapwa mara mbili kwa kosa moja, na ndivyo mfumo wao ulivyokusudiwa: shirikisho linaangalia mtandao wa nchi, jimbo linaangalia huduma waliyoahidiwa watu wake. Kujitetea kwamba aliyekosea ni kampuni iliyokodiwa hakukusaidia. Ukipewa kazi na wewe ukampa mwingine, mwenye kazi hamjui huyo mwingine.

Kofia ya tatu ni ya mkusanya tozo, na hapa ndipo refa mwenyewe huonekana akicheza rafu.

Najua neno tozo likitajwa karibu na neno simu, Mtanzania anakumbuka Julai 2021 na miamala. Ya Marekani ni tofauti kidogo. Kila mwenye laini hukatwa kiasi kidogo kila mwezi kwa ajili ya 911, na kiasi hupangwa na jimbo au kaunti, si na Washington D.C. New Jersey ni senti 90. New York ni dola 1.20, na jina lake kwenye bili ni refu la kujigamba: tozo ya mawasiliano ya usalama wa umma. Mlipaji akilisoma ataamini pesa yake inakwenda kwa mpokea simu. Kumbe sehemu kubwa imekuwa ikiingia mfuko mkuu wa jimbo, ikachanganyika na mengine. Ndiyo maana mwaka 2008 Bunge la Marekani lilipitisha sheria inayoitaka FCC ieleze kila mwaka majimbo yamekusanya kiasi gani na yametumiaje. Adhabu kubwa ya ripoti hiyo ni aibu, na New York na New Jersey zimetajwa humo mwaka baada ya mwaka bila kuona haya sana. Rhode Island, iliyokuwa katika orodha hiyo hiyo, ilirekebisha sheria yake mwaka 2019.

Kuna upande mwingine wa usimamizi ambao hauna uhusiano na simu ya raia: redio koli za polisi, zimamoto na magari ya wagonjwa. Hapo New York inastahili pongezi moja. Mwaka 2005 jimbo lilisaini mkataba wa kama dola bilioni 2 na kampuni ya M/A-COM kujenga mtandao mmoja wa redio kwa jimbo zima. Kabla ya kusonga mbele likataka mfumo ujaribiwe kwanza kaunti mbili za magharibi, Erie na Chautauqua. Ulishindwa kufanya yaliyoahidiwa. Januari 2009 jimbo likauvunja mkataba. Serikali nyingi, na si za Marekani tu, zikishafika hapo huongeza muda, huongeza pesa, kisha hukata utepe.

Na wakati mwingine jimbo hutangulia, shirikisho likafuata. Desemba 2013, katika chumba cha hoteli huko Marshall, Texas, mtoto wa miaka tisa alipiga 911 mara nne mama yake akishambuliwa. Simu haikutoka, kwa sababu simu ya hoteli ilitaka ubonyeze 9 kwanza kupata laini ya nje, na hakuna aliyemwambia mtoto. Mama alifariki. Texas ilipitisha sheria mwaka 2015: ukibonyeza 911 kwenye simu ya aina hiyo, iende moja kwa moja. Sheria kama hiyo ya nchi nzima ilisainiwa tarehe 16 Februari 2018, miaka 50 kamili tangu simu ya Haleyville. Inaitwa Sheria ya Kari, jina la yule mama.

Mwaka huo huo wa 2018, tarehe 27 Desemba, kifaa kimoja cha mtandao wa CenturyLink huko Denver kilianza kutoa data mbovu, ikasambaa, na mtandao ukayumba saa 37. Kwa mara nyingine 911 ilizimika katika sehemu za majimbo mengi, Washington ikiwemo, na kwa mara nyingine tume ya jimbo ikafungua jalada. Lilifungwa mwaka 2023, kwa faini ya karibu dola milioni 1.3. Wakati simu zinapotea, idara ya kijeshi ilikuwa katikati ya kuihamisha 911 ya jimbo kwenda kwa kampuni nyingine.