Je, kompyuta inajuaje jibu sahihi la jaribio ililolitunga yenyewe?

Swali hili nililijibu vibaya kwa muda mrefu. Niliposikia kuna zana zinazotunga majaribio ya programu, nilidhani zinasoma msimbo, yaani maagizo yanayounda programu, zinaona unafanya nini, kisha zinaandika majaribio ya kuthibitisha hivyo hivyo. Zipo za namna hiyo, na zinafaa kukuonya pale marekebisho yako yanapobadilisha kitu bila wewe kukusudia. Lakini haziwezi kukuambia kama programu ilikuwa sahihi tangu mwanzo.

Watu wa kahawa hapa Moshi wataelewa upesi. Mzani wa chama cha msingi hukaguliwa kwa mawe ambayo uzito wake ulipimwa kwingine. Ukiokota jiwe, ukalipima kwenye mzani uleule, ukaliandika "kilo 20", kisha kesho ukaukagulia mzani kwa jiwe hilo, utaambiwa mambo safi, hata kama mzani unampunja mkulima kilo nzima kwa kila gunia. Jaribio lililotokana na msimbo ni jiwe la hivyo. Jiwe la kweli hutoka kwenye masharti rasmi: maelezo ya kihesabu ya kile programu inachopaswa kutimiza, yasiyogusa namna ya kukitimiza.

Niliwahi kuandika programu ya kugawa malipo ya wanachama kulingana na kilo walizoleta. Nikaijaribu kwa mkono: wanachama 10, kilo 50 kila mmoja, shilingi 1,000,000. Kila mtu akapata 100,000. Nikaridhika.

Baadaye niliandika sharti moja tu: jumla ya migao iwe sawa na fedha iliyoingia. Zana ikamwaga namba za kubahatisha, mamia kwa mamia. Haikuhitaji kujua mgao wa mtu yeyote; ilijumlisha na kulinganisha. Sharti lilipovunjika, ikaanza kupunguza: wanachama wachache zaidi, kilo chache zaidi, fedha kidogo zaidi, mradi kosa libaki. Ikaniletea hiki: wanachama 2, kilo 1 kila mmoja, shilingi 1. Kila mmoja kapata 0, na shilingi haipo. Nilikuwa nakata desimali na kutupa kinachobaki.

Njia hii ilipata umaarufu kupitia QuickCheck, zana ambayo Koen Claessen na John Hughes, wa Chuo Kikuu cha Chalmers nchini Uswidi, waliitangaza mwaka 2000. Nyingine hazibahatishi: hulichambua sharti lenyewe na kuchagua namba za mipakani, kama kilo 0 na kilo 1.

Ila majaribio elfu yakifaulu, bado si uthibitisho. Na sharti langu lilikuwa na tundu: programu inayompa mwanachama wa kwanza fedha zote ingelipita bila shida. Nikaongeza la pili, kwamba wenye kilo sawa wasipishane zaidi ya shilingi 1. La tatu aliliona karani wa mizani nilipomsomea yote mawili: "Na aliyeleta 51, una uhakika hapati chini ya yule wa 50?"