Je, wajua kwa nini kitambaa cha pamba kinarudi kikifuliwa?

Miaka yote mimi niliamini ni maji ya moto, kwamba uzi wa pamba unasinyaa kama nyama kwenye sufuria, kwa hiyo ukifulia maji baridi uko salama. Kwa imani hiyo nikashona mapazia ya pamba tupu, urefu sm 200, nikayafua kwa maji baridi kabisa, yalipokauka yana sm 191. Mama akayapima kwa tepu yake akaniuliza tu, "Ulikiloweka kabla ya kukata?" Sikuloweka. Bibi alikuwa akiloweka kila kitambaa usiku kucha kabla hajakigusa na mkasi, na mimi nikadhani anatoa vumbi.

Kumbe moto unaharakisha tu, mwenye kazi ni maji. Na neno letu lenyewe lilishasema ukweli, maana hatusemi kitambaa kimepungua, tunasema kimerudi. Kinarudi wapi? Kule kilikokuwa kabla hakijavutwa.

Wakati wa kufuma, nyuzi za mtande, zile za urefu, zinakazwa sana ili mshindio, yaani nyuzi za upana, upite katikati yake, halafu kitambaa kinavutwa tena kikinyooshwa na kukaushwa, kwa hiyo kinafika kwako kikiwa bado kimenyooka kwa nguvu. Fikiria nywele zilizonyooshwa kwa pasi, zimelala vizuri kabisa mpaka tone la mvua liziguse, zinarudi palepale. Pamba nayo inashikiliwa na vifungo vidogo vidogo ambavyo maji yanavilegeza, uzi ukapumua, ukarudi.

Ila kuna kitu kingine, na mimi ndicho kilichonifurahisha zaidi. Uzi wa pamba ukilowa unanenepa, urefu wake hauongezeki karibu chochote. Sasa chukua kamba, ipitishe juu na chini ya vijiti kumi vyembamba vilivyopangwa, halafu badilisha uweke vijiti vinene. Kamba ni ileile ila sasa inapanda na kushuka zaidi, kwa hiyo haifiki mbali kama mwanzo, inabidi vijiti visogeleane. Ndiyo kitambaa hicho, kila uzi ni kamba na kila uzi ni kijiti cha mwenzake, na kikikauka nyuzi hazirudi tena kwenye nafasi zile za zamani. Mara nyingi upande wa mtande ndio unaorudi zaidi kwa sababu ndio uliovutwa zaidi, ndiyo maana pazia langu lilifupika zaidi kuliko lilivyopungua upana.

Kitani nacho ni hivyohivyo. Sufu ni habari nyingine kabisa, nyuzi zake zina magamba yanayonasana ukizisugua kwenye maji, na zikishanasana haziachani. Pia kuna pamba ambayo kiwanda kimeshairudisha kabla ya kuuza, njia aliyoibuni Mmarekani Sanford Cluett karibu mwaka 1930, hiyo inarudi kidogo sana, lakini kilichofumwa kwa mkono kichukulie kwamba bado.

Sasa hivi nikipata kitambaa kipya nakata kipande, nachora mraba wa sm 40 kwa uzi wa rangi, nakifua kama kitakavyofuliwa siku zote, nakausha, napima. Mraba ukibaki sm 38 najua ni asilimia 5, na kitambaa chote kinaingia kwenye beseni mpaka asubuhi, cherehani itasubiri.