Ukiutoa mwili wako kwa sayansi, unafanyiwa nini? Maswali na majibu

Kuchangia damu watu wamekuzoea, na habari za kutoa figo wengi wamezisikia. Kuutoa mwili mzima baada ya kufa, ili madaktari wa kesho na watafiti wajifunze, ni jambo lisilozungumzwa sana, na pasipo maelezo uvumi hushika nafasi.

Je, si sawa na kutoa viungo?

Hapana. Moyo, ini au figo hupandikizwa kwa mgonjwa aliye hai, na lazima vitolewe haraka. Mwili uliotolewa kwa sayansi kwa kawaida huenda idara ya anatomia, yaani elimu ya maumbile ya mwili, ya chuo cha udaktari. Vyuo vingi havipokei mwili ambao viungo vyake vikubwa vimeshaondolewa, ila konea, yaani ngozi angavu ya mbele ya jicho, ikitolewa kwa kawaida haina shida. Unaweza kujiandikisha kote kuwili. Mazingira ya kifo ndiyo yatakayoamua.

Nikishafariki, kinaanza nini?

Daktari anathibitisha kifo, kisha ndugu wanakipigia simu chuo. Wataulizwa marehemu alikuwa anaumwa nini, amefariki lini, na mwili umehifadhiwa wapi. Wasichelewe, maana muda unaoruhusiwa ni siku chache tu.

Mwili ukifika hupewa namba, na jina hubaki kwenye kumbukumbu za ofisi. Naomba uishike hiyo namba akilini, kwa sababu ndiyo inayojibu hofu kubwa ya ndugu wengi, kwamba mpendwa wao atatawanywa asijulikane alipo. Katika chuo kinachofuata utaratibu, sehemu yoyote itakayotenganishwa hubaki na namba ileile, ili mwishoni vyote vikusanywe pamoja.

Halafu mwili unahifadhiwa. Fundi hufungua mshipa mkubwa wa damu, wa shingoni au wa pajani, na kuingiza taratibu lita kadhaa za dawa yenye fomalini. Fomalini huzifunga protini za mwili zisioze, na huua bakteria. Baada ya hapo mwili huachwa kwa wiki au miezi hadi dawa ikolee. Ubaya wake ni kwamba nyama hukakamaa na viungo havikunjiki vizuri, jambo linalomsumbua daktari anayejifunza upasuaji. Mwaka 1992 Walter Thiel wa Graz, Austria, alichapisha njia inayotumia chumvi mbalimbali na fomalini kidogo sana, na mwili hubaki laini. Wengine hugandisha tu kwa baridi kali bila dawa.

Wanafunzi wanajifunza nini ambacho hakimo kitabuni?

Kitabuni ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, ni nyekundu; vena, unaoirudisha moyoni, ni ya buluu; neva, inayopeleka hisia na amri za ubongo, ni ya njano. Kwenye mwili uliohifadhiwa vyote vinakaribiana rangi. Mwanafunzi anayechambua kwapa, mahali neva za mkono zinapopishana na mishipa ya damu, inabidi atumie vidole. Ateri ina ukuta mnene na uwazi katikati, vena hubonyea kirahisi, neva ni ngumu na haina tundu. Atakapokuja kumpasua mgonjwa, vidole vyake vitakuwa vimeshajua.

Tena miili haifanani. Gusanisha kidole gumba na kidole cha mwisho, kisha kunja kiganja kidogo kuelekea kwako: watu wengi wataona kano moja imesimama katikati ya kifundo cha mkono, lakini wapo wasio na msuli wenye kano hiyo kabisa, nao wana afya njema. Tofauti za namna hiyo zipo pia kwenye mishipa ya ini na ya figo, na huko daktari asiyezijua anaweza kuua.

Vyuo vingi hufanya ibada au hafla ya kuwashukuru watoaji. Thailand mtoaji huhesabiwa kuwa mwalimu, na wanafunzi humpa heshima hiyo kabla ya kumgusa.

Ni darasani tu?

La. Madaktari bingwa huzitumia hizo maiti kujaribu upasuaji mpya. Huko Knoxville, Marekani, tangu 1981 Chuo Kikuu cha Tennessee kina eneo ambapo miili iliyotolewa huachwa ioze chini ya uangalizi, ili wachunguzi wa vifo wajue kukadiria mtu alikufa lini. Kuna miili iliyotumika kupima athari za ajali za magari, na mikanda ya viti tunayofunga leo inatokana kwa sehemu na majaribio hayo.

Kwa hiyo soma fomu kwa makini. Uliza kama unaweza kuchagua matumizi, kama sehemu za mwili zinaweza kupelekwa taasisi nyingine, na kama picha zitapigwa. Fomu isiyosema haya usiitie saini.

Kwa nini watu wanaogopa hivi?

Wana sababu. Mwaka 1828 mjini Edinburgh, William Burke na William Hare waligundulika kuwa wameua watu 16 na kuuza maiti zao kwa mwalimu wa anatomia. Sheria ya Uingereza ya 1832 ilikomesha biashara hiyo, lakini iliruhusu vyuo kuchukua miili ya maskini waliofia kwenye nyumba za hifadhi bila ndugu wa kuidai. Hadi leo zipo nchi zinazotumia miili isiyodaiwa. Mimi siwezi kuuita huo mchango, kwa sababu mwenyewe hakuulizwa. Shirikisho la kimataifa la vyama vya wanaanatomia nalo lilipendekeza mwaka 2012 itumike miili iliyotolewa kwa hiari.

Mwili unaweza kukataliwa?

Ndiyo, na hutokea mara nyingi: magonjwa ya kuambukiza kama homa ya ini, kufanyiwa uchunguzi wa maiti, kuanza kuoza, au chuo kukosa nafasi. Familia iwe na mpango wa pili wa mazishi.

Ndugu watazika lini?

Mara nyingi baada ya mwaka mmoja hadi mitatu. Vyuo vingi huchoma mwili na kuwarudishia majivu wakitaka; vingine huzika. Wanaweza kufanya ibada ya kumwombea marehemu mapema, bila mwili. Gharama gani inalipwa na nani, iulizwe kabla ya kujiandikisha.

Nikibadili mawazo? Na ndugu wakikataa?

Ukiwa hai unaweza kujiondoa wakati wowote, kwa barua. Kuhusu ndugu, hata pale sheria inapokuwa upande wako, chuo mara nyingi hakitauchukua mwili ambao familia inaupinga. Waambie mapema, nakala ya fomu iwe kwa mtu atakayepiga ile simu, na usiiweke ndani ya wosia pekee, maana wosia mara nyingi hufunguliwa baada ya zile siku chache kupita.