Dira ya Kielektroniki Kwenye Mashine ya Kusukia Koili

Fundi wa kusuka mota anaishi kwa hesabu. Koili iliyotakiwa kuwa na raundi 120 ikiishia 110, mota itavuta umeme kupita kiasi na kuchemka. Raundi zikizidi, itakosa nguvu. Hata hivyo, karakana nyingi bado zinahesabu kwa mdomo, na mteja akiingia kuuliza bei katikati ya kazi, hesabu imepotea. Wapo waliofunga swichi ya sumaku inayoongeza moja kila mkono wa mashine unapopita. Shida ya swichi hiyo ni kwamba fundi akirudisha mkono nyuma kulegeza waya, yenyewe inaendelea kuongeza. Haijui upande.

Kifaa kinachojua upande kipo, na ni cha bei ndogo: kihisi cha dira, cha aina ile iliyomo ndani ya simu. Kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki utakikuta juu ya bodi ndogo inayoitwa GY-271. Kinapima uga sumaku katika mihimili mitatu, X, Y na Z. Ukichukua X na Y ukazipitisha kwenye tanjenti kinyume, ambayo kwenye Arduino (bodi ndogo ya kompyuta inayosoma kihisi na kuendesha programu yako) huandikwa atan2, unapata pembe kwa radiani; igeuze kuwa nyuzi, na ikiwa hasi ongeza 360, ndipo inakuwa kuanzia nyuzi 0 hadi 360.

Kuna anayewaza kukifunga kihisi kwenye sehemu inayozunguka, kisome kaskazini ya dunia. Kwa mashine hii simshauri. Nyaya zitajisokota, na uga wa dunia wenyewe ni dhaifu: kwetu Afrika Mashariki ni kama mikrotesla 33 tu (mikrotesla ni kipimo cha nguvu ya uga sumaku). Waya mmoja wenye ampea 10, ukiwa sentimita 10 kutoka kwenye kihisi, unatoa mikrotesla 20. Dira hapo haina tena habari ya kaskazini.

Geuza kazi. Kihisi kikae palepale, sumaku ndiyo izunguke. Gundisha sumaku ndogo kwenye ncha ya shafti, ncha zake za kaskazini na kusini zikiwa zimelala kukatisha shafti, kisha weka kihisi mbele yake, usawa wa katikati. Sumaku ya neodimiamu yenye kipenyo cha milimita 10 na unene wa 5, kwa umbali wa sentimita 5, inatoa takriban mikrotesla 300, kama mara tisa ya uga wa dunia. Umbali ndio unaoamua kila kitu: ukiuongeza mara mbili, nguvu inashuka mara nane.

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Kihisi kinachotarajiwa kuwa juu ya GY-271, yaani HMC5883L cha Honeywell, kinaanza kazi kikiwa kimepangwa kupima hadi gausi 1.3, yaani mikrotesla 130. Kwa sumaku niliyoitaja kinafurika, na kinakurudishia namba -4096 bila maelezo. Ukiiona namba hiyo usikitupe kihisi. Panua kipimo chake hadi gausi 4 au zaidi, au sogeza sumaku mbali. Pia, bodi nyingi zinazouzwa kwa jina la GY-271 zimebeba kihisi kingine, QMC5883L, ambacho anwani yake (namba ambayo Arduino hukiitia) ni 0x0D badala ya 0x1E na programu ya kukisoma ni tofauti. Bodi inayoonekana imekufa mara nyingi ni nzima, ila inaitwa kwa anwani isiyo yake.

Baada ya hapo zungusha shafti polepole kwa mkono, raundi kadhaa, huku ukiandika thamani kubwa na ndogo ya X na ya Y. Vipimo vikichorwa vinatoa duara, lakini kitovu chake hakiko sifuri, kwa sababu uga wa dunia na vyuma vya meza vimelisukuma pembeni. Jumlisha kubwa na ndogo, gawa kwa mbili, kisha toa jibu hilo kwenye kila kipimo. Ifanye kazi hii mashine ikiwa imeshafungwa mahali pake, kwani ukihamisha meza ya chuma, kitovu nacho kinahama.

Kuhesabu raundi sasa ni rahisi. Pembe ikiruka kutoka karibu na 360 kwenda karibu na 0, ongeza moja. Ikiruka kinyume, punguza moja. Sharti ni kwamba shafti isivuke nusu raundi kati ya kipimo na kipimo. Kwa vipimo 75 kwa sekunde, mkono unaozunguka mara mbili kwa sekunde unapata vipimo 37 kila raundi, na hiyo inatosha kabisa. Kwa mota ya raundi 1,500 kwa dakika vinabaki vitatu tu, kila kimoja nyuzi 120 kutoka kwa mwenzake. Huko tumia AS5600, kihisi kilichotengenezwa mahsusi kwa shafti, kinachogawa raundi moja katika sehemu 4,096 na kutaka sumaku iwe milimita chache tu kutoka usoni pake.

Umeme ukikatika, pembe haipotei: ukirudi, kihisi kinaisoma ilipo. Kinachopotea ni idadi ya raundi, kwa kuwa hiyo ilikuwa kwenye programu. Ihifadhi kwenye kumbukumbu ya kudumu ya Arduino kila mkono unaposimama, na si kwa kila kipimo, maana kila chumba cha kumbukumbu hiyo kimedhaminiwa kuandikwa mara 100,000 tu.