Makinikia: tunayosimuliana na yaliyotokea

Kesi ya Acacia, kampuni iliyochimba dhahabu nchini Tanzania, imekuwa na matoleo mengi vijiweni tangu Machi 2017, Rais John Magufuli alipozuia makinikia kusafirishwa nje. Mengi yana chembe ya ukweli ndani yake, ndiyo maana hayafi.

"Ulikuwa mchanga tu, kumbe umejaa dhahabu."

Hakuna aliyezoa mchanga shimoni akaupakia kwenye kontena. Makinikia ni unga mzito wenye shaba, dhahabu na fedha, unaopatikana baada ya mwamba kusagwa na kuchenjuliwa. Ulipelekwa nje kwa kuwa nchini hapakuwa na kinu cha kuuyeyusha. Ulitoka Bulyanhulu na Buzwagi. North Mara, mgodi wa tatu wa Acacia, ulitoa mikuo, yaani vipande vya dhahabu iliyokwisha kuyeyushwa, hivyo katazo halikuugusa. Ubishi ulikuwa juu ya kiasi cha dhahabu kilichomo. Kamati ya Profesa Mruma, iliyoundwa na Rais kuchunguza makontena, ilitaja kiasi kikubwa mno kuliko kilichotangazwa na kampuni, Acacia ikakana.

"Dola bilioni 190 zetu zimeliwa mezani."

Hizo hazikuwa fedha zilizokaa mahali zikisubiri kuchukuliwa. Ni makadirio ya kodi ambayo Acacia ilidaiwa Julai 2017: takriban bilioni 40 za kodi, zilizobaki riba na adhabu. Mauzo ya Acacia kwa mwaka yalikuwa kama bilioni moja. Kampuni ingeuza dhahabu karibu karne mbili bila kumlipa hata mlinzi wa getini, ndipo deni liishe. Utani wa kila Mtanzania kupewa gari la Noah ulianzia hapo, na wapo waliouchukulia kweli. Kilichokubaliwa mwishoni ni dola milioni 300, kwa awamu.

"Tuliwashinda mahakamani." Wengine husema tulishindwa.

Hakuna hukumu. Kampuni zilizomiliki Bulyanhulu na Buzwagi zilifungua shauri la usuluhishi wa kimataifa Julai 2017, lakini Serikali ikajadiliana na Barrick, kampuni ya dhahabu ya Kanada iliyokuwa na karibu asilimia 64 ya hisa za Acacia, huku Acacia yenyewe ikiwa nje ya mlango. Septemba 2019 Barrick ikanunua hisa zilizobaki. Makubaliano yakatiwa saini Dar es Salaam tarehe 24 Januari 2020. Kwa maneno mengine, mlalamikaji alinunuliwa kabla shauri halijaamuliwa.

"Nusu kwa nusu, basi nusu ya mgodi ni yetu."

Hisa za Serikali ni asilimia 16, katika migodi na katika Twiga Minerals, kampuni ya ubia inayoisimamia. 84 ni za Barrick. Kinachogawanywa nusu kwa nusu ni manufaa ya kiuchumi, yaani kodi, mrabaha, tozo na gawio vikijumlishwa katika uhai wote wa mgodi.

"Sheria za 2017 zimefunga milango ya mahakama za nje."

Dhana hii ndiyo iliyotugharimu. Ni kweli sheria mpya zilitaka migogoro ya rasilimali iamuliwe ndani ya nchi. Lakini Tanzania ilikuwa na mikataba ya kulinda uwekezaji na nchi kama Uingereza na Kanada, na sheria ya Bunge haifuti ahadi kwa dola nyingine. Mwaka 2018 kanuni mpya za madini zilipofuta leseni hodhi, yaani za kushikilia eneo lenye madini kabla ya kuanza kuchimba, wawekezaji waliishika mikataba hiyo na kwenda ICSID, kituo cha Benki ya Dunia cha migogoro ya uwekezaji.

Indiana Resources, iliyokuwa na mradi wa nikeli wa Ntaka Hill, Nachingwea, ilipewa tuzo ya fidia ya zaidi ya dola milioni 109 Julai 2023. Mwaka uliofuata Serikali ilikubali kulipa milioni 90. Kampuni nyingine mbili zilizofutiwa leseni, Winshear Gold na Montero, zililipwa milioni 30 na milioni 27, zote kwa maelewano. Jumla ni milioni 147, karibu nusu ya zile 300 za Barrick. Na mradi wa Ntaka Hill ulikuwa bado haujaanza kuchimba nikeli.